Fundi Nisimulie na kitanda kilichokata umeme

Saa nne kasoro asubuhi. Katika uwanja wa kokoto nyuma ya duka la matairi, mbele ya karakana ndogo ya fundi, tela jeupe la kulala safarini limeegeshwa, mlango wazi, ngazi yake ya bati imeshushwa. Ni nyumba nzima juu ya magurudumu mawili: kitanda mwisho, jiko la gesi katikati, meza ya kukunja, makabati yenye vitasa vya shaba. Wenyewe wamelivuta kwa gari kutoka mbali, kwa sababu umeme wake unawasumbua na wamechoka.

Fundi anafika na kisanduku cha zana. Hakifungui. Anavuta kigoda, anakaa kwenye kivuli cha tela, kisha anamgeukia mama mwenye tela, mwanamke wa miaka sitini na kitu aliyekumbatia mkoba wake kama anayesubiri kuitwa na daktari. Anamwambia neno moja tu.

"Nisimulie."

Mama anamtazama mumewe. Mume anasafisha koo na kuanza kueleza habari za betri. Fundi anainua mkono kwa adabu.

"Mzee wangu, wewe nitakusikia. Lakini kwa simu uliniambia umeme ulipokatika wewe ulikuwa umelala. Mama ndiye aliyekuwa macho."

Neno lile "nisimulie" ndilo lililompa fundi jina lake. La kuzaliwa limeandikwa kwenye kitambulisho, na mkewe huenda akalikumbuka akikasirika. Kwa watu wengine wote ni Fundi Nisimulie, mwenye miaka hamsini na saba, ambaye kwa miaka ishirini na sita amekuwa akitafuta umeme uliopotea ndani ya matela ya kulala. Anakadiria yameshapita mikononi mwake elfu moja na mia mbili. Msimu wa safari ukikolea hupata matatu kwa wiki. Mvua zikianza, wiki nzima huishia kwenye taa za pikipiki, na nyumbani wanakula kwa kupima.

Mwandishi huyu, ambaye kwake balbu ikiungua humwita jirani, alifika pale akitarajia kuona cheche na bisibisi. Kwa saa nzima ya kwanza aliona watu watatu wakizungumza.

Mzee mwenye tela ni dereva mstaafu wa malori. Ameendesha miaka thelathini na minne, na katika miaka hiyo amelala ndani ya kichwa cha lori mara nyingi kuliko alivyolala kwake. Alipostaafu alinunua tela hili kwa ajili ya mkewe.

"Nilimwacha nyumbani miaka yote hiyo," anasema. "Nikirudi namsimulia: kuna daraja hivi, kuna mteremko hivi, kuna mahali ukungu unalala barabarani mpaka saa tatu. Yeye anaitikia tu. Nikamwahidi nikimaliza kazi nitamwonyesha zote, moja baada ya nyingine."

Safari ya kwanza ilipangwa kuanza Jumamosi ya wiki hii, siku kumi na mbili za barabarani. Lakini mzee ana ugonjwa wa kukatika pumzi usingizini. Akilala lazima avae kifuniko cha mdomo na pua kilichounganishwa na mashine ndogo inayomsukumia hewa. Daktari alimruhusu kusafiri kwa sharti moja: mashine isizime usiku. Na ndani ya tela inazima.

Walijaribu mara tano, tela likiwa uani kwao. Mara zote tano ilizima.

"Inawaka vizuri saa moja, saa moja na nusu," mama anasimulia. "Nasema leo nitalala. Mara kimya. Nasikia kimya kabla sijasikia kitu kingine. Namshtua, anaamka anahema kama aliyetoka majini."

Wamekwenda kwa mafundi watatu. Wa kwanza aliwauzia betri mpya. Wa pili akabadilisha chaja. Wa tatu alipima kila kitu, akakuta kila kitu kizima, akasema ubovu uko kwenye mashine yenyewe. Lakini mashine ikirudishwa ndani ya nyumba inakesha bila hata kukohoa.

Mama akafikia uamuzi. Mnunuzi wa tela amepatikana na anakuja Jumamosi, siku ileile ya safari. "Barabara nitazisikia hivyo hivyo kwa mdomo," anasema. "Siwezi kwenda kuangalia daraja nikarudi mjane." Mzee anainamisha uso na kupangusa goti la suruali ambalo halina vumbi. Nisimulie ni fundi wao wa nne, na wameshakubaliana kuwa ndiye wa mwisho.

Fundi anasikiliza yote bila kuandika kitu. Kisha anaanza maswali yake, na ndipo mtu anapoanza kuelewa kwamba saa ile ya mazungumzo haikuwa maneno ya kupoteza muda.

"Ulipomshtua, mashine ulifanyaje?"

"Sikuigusa. Yeye alipokaa, ikawaka yenyewe."

"Yenyewe?"

"Yenyewe, fundi. Mara zote."

"Mzee analala ubavu gani?"

Mama anacheka kwa aibu. "Jamani, hayo nayo ni ya umeme?"

"Kwenye tela, mama, kila kitu ni cha umeme."

"Anaanza ubavu wa kulia. Akishazama kabisa, anageuka kushoto na kunipa mgongo. Miaka arobaini ananipa mgongo."

"Natazama mlango!" mzee anajitetea. "Dereva lazima alale anatazama mlango."

"Sawa," anasema fundi, bila kuingilia ugomvi wa miaka arobaini. "Na wale mafundi watatu, walianzaje kazi?"

"Walitoa godoro," anasema mama. "Nyaya zinapita chini ya kitanda. Wanatoa godoro, wanainua mbao, wanapima."

"Wote watatu?"

"Wote."

Fundi anatikisa kichwa taratibu, na si kwa dharau. "Hata mimi zamani ningetoa," anasema. "Leo godoro halitoki."

Anaingia ndani. Anawasha mashine na kuiunganisha kwenye soketi iliyo ubavuni mwa kitanda. Pembeni mwa soketi hiyo anachomeka nyaya mbili za kipimo chake, kijisanduku cha manjano chenye namba kwenye kioo. Namba inasimama kwenye volti kumi na mbili nukta saba, afya njema ya betri. "Moto upo," anasema. Mafundi huita hivyo umeme unapofika.

"Mzee wangu, vua viatu ulale."

"Nijilaze tu?"

"Ulale kweli. Usingizi wa kuigiza haugeuki."

"Huyo hahitaji kubembelezwa," anasema mama kutoka mlangoni.

Hakuhitaji. Dakika kumi hazijafika, mzee ameshavaa kifuniko chake na kuzama, kifua kinapanda na kushuka, mashine inanong'ona. Fundi amekaa sakafuni, mgongo kwenye kabati, macho kwenye kipimo. Mama amesimama mlangoni, mkoba bado kifuani. Dakika ishirini zinapita. Mwandishi huyu anakiri kwamba alikuwa ameanza kufikiria chakula cha mchana.

Ubao mmoja wa kitanda unalia. Mzee anageuka kushoto. Mashine inashusha pumzi moja ndefu na kunyamaza, na kwenye kioo cha kipimo namba inaanguka hadi sifuri.

"Hapo!" anasema mama, na mkono wake uko begani mwa mumewe kabla neno halijaisha. Mzee anafumbua macho na kuinuka. Mara tu uzito wake unapotoka ubaoni, mashine inawaka yenyewe. Kumi na mbili nukta saba.

Kazi hii imempeleka mwandishi huyu kwenye uzinduzi wa madaraja na mitambo yenye ukubwa wa mtaa, lakini hajawahi kuona watu wazima wanne wakitazama kitanda kwa heshima ya namna ile. Mwili ulimsisimka, na haoni aibu kusema hivyo.

Ni mzee aliyesema kwanza, kifuniko kikining'inia shingoni. "Kitanda usichokilalia hujui kunguni wake!"

Wote wakacheka. Fundi amekwisha kuisikia methali hiyo kwa wateja wake mara mia, na alicheka kuliko wote.

Sasa godoro linatoka. Chini ya mbao kuna fungu la nyaya nane au tisa za rangi mbalimbali. Akitaka kuonekana anajua jambo, mwandishi huyu anauliza kama shida iko kwenye ule mwekundu au ule wa kijani.

"Upi ni upi?" anauliza fundi.

Hakuwa anatania. Fundi Nisimulie haoni tofauti ya nyekundu na kijani. Alizaliwa hivyo. Kwake zote ni rangi moja ya majani makavu, kahawia nayo humo humo. Katika kazi ambayo rangi ya waya ndiyo inayokuambia uushike au uukimbie, ni sawa na msomaji asiyeona herufi.

Alipokuwa kijana akijifunza kuweka umeme majumbani, aliunganisha nyaya kinyume na kuunguza ukuta wa chumba kipya. Msimamizi wake alimtazama akichagua waya mara ya pili, akaelewa, akamwambia akatafute kazi ya kubeba matofali. Akaenda na kuyabeba miaka miwili. Aliporudi kwenye umeme hakumwambia mtu yeyote tatizo lake. "Mficha maradhi kifo humuumbua, nami niliijua methali hiyo," anasema. "Lakini njaa nayo inaumbua."

Aliyemnusuru alikuwa msichana wa duka la nyuzi za kushonea. Fundi alikuwa akienda pale kila baada ya siku mbili na vipande vya waya mfukoni, akijifanya anatafuta uzi wa kufanana navyo, ili amsikie akizitaja rangi.

Msichana huyo ndiye mkewe, na mtaa mzima unamwita Mama Nyuzi. Muda wote huu amekaa kwenye meza ya karakana, akiandika namba kwenye vipande vya plasta na kuvifunga kwenye nyaya mpya. Anaviinua karibu sana na uso.

"Nilidhani anakuja kunitongoza," anasema. "Kumbe ana waya."

"Vyote viwili," anasema fundi kutoka ndani ya tela.

Kwa kuwa hakuweza kuamini rangi, alijizoesha kupima kila waya kana kwamba hajui chochote kuuhusu. Na kwa kuwa kupima peke yake hakutoshi, akaanza kuuliza watu. Mwenye tela anaishi humo, anasema, na anajua mambo ambayo hajui kwamba anayajua. Aliwahi kutibu taa zilizozima kila mtoto alipokimbilia chooni, na pampu ya maji iliyokataa kazi siku za jua kali tu.

Hata sasa hatazami. Amefumba macho, anaupitisha waya wa soketi kati ya kidole gumba na cha shahada, inchi moja baada ya nyingine, akiukunja na kuunyoosha. Chini ya ubao wa nne anasimama.

"Hapa ni laini."

Anakata kipande cha urefu wa kidole na kumpa mama. Kwa nje ni kizima, hakina hata mkwaruzo. Fundi anakichuna ngozi kwa kisu. Ndani yake nyuzi za shaba, nyembamba kuliko unywele, zote zimekatika, ncha zake nyeusi.

Aliyelijenga tela, fundi anaeleza, aliupitisha waya ukiwa umekazwa chini ya ubao ule. Ubao ulikuwa ukiubonyeza kidogo kila mtu alipolala, mpaka nyuzi zikakatika ndani ya ngozi. Mzee akigeuka kushoto, bega lake linabonyeza ubao, ncha zinaachana. Akiinuka, zinagusana tena na moto unapita. Na fundi yeyote aliyetoa godoro na kuinua mbao ili autafute ugonjwa, aliuponya kwa muda uleule wa kuutafuta. Ndiyo maana wote watatu walikuta kila kitu kizima.

"Hawakuwa wajinga," anasema. "Walifanya kama tulivyofundishwa. Ila tulifundishwa na watu waliosimama."

Waya mpya, wenye namba saba kwa mwandiko wa Mama Nyuzi, unapitishwa ukutani mbali na mbao, umelegezwa kwenye kona. Kazi hiyo haikuchukua hata dakika arobaini. Godoro linarudi, mashine inachomekwa. Mama anamtazama mumewe.

"Lala tena. Kushoto."

"Sasa hivi sina usingizi."

"Lala, baba. Utazame mlango wako."

Mzee akalala. Mama akakaa juu ya ngazi ya bati, bega kwenye fremu ya mlango, sikio ndani. Alisema atahesabu saa nzima. Mashine ikanong'ona. Robo saa ikapita, nusu ikapita. Fundi alikuwa akikunja nyaya zake alipoinua kichwa na kumwonyesha mwandishi kwa kidole.

Mama alikuwa amelala. Kichwa kimeegemea fremu, mkoba umeteleza hadi kwenye kokoto, mikono imefunguka mapajani. Sauti ya mashine haikukatika.

Hakuna aliyemwamsha. Saa nzima ilipotimia mzee aliinuka, akaja mlangoni, akamkuta ameziba njia. Akabaki amesimama juu yake, viatu mkononi.

"Tangu jaribio la kwanza hajalala usiku mzima," alinong'ona. "Wiki tatu. Ananilinda." Akajifuta uso kwa mkono wa shati na kugeukia ndani.

Mama alipozinduka, swali lake lilikuwa moja. "Imezima?"

"Haijazima," alijibu fundi.

Akaokota mkoba, akatoa simu, akampigia mnunuzi papo hapo kwenye ngazi. "Samahani, baba. Lile tela... hapana, bei haina shida. Hatuuzi tena. Jumamosi tunasafiri." Kisha akakitia mkobani kile kipande cha waya uliokatika. Alipoulizwa ni cha nini, alisema atakionyesha kwa kila atakayemwambia kwamba alikuwa na wasiwasi wa bure.

Gari lilipotoka uwanjani likivuta tela, fundi alilisindikiza kwa macho mpaka lilipoingia barabara kuu. Ameponya matela elfu moja na mia mbili, na hajawahi kusafiri na hata moja. Usiku wa mbali kabisa aliolala nje ya kwake ulikuwa wa hospitalini, kwenye benchi.

Nyuma ya karakana, chini ya turubai, kuna tela la tatu kwa ukongwe ambalo mwandishi huyu amewahi kuliona. Ni lake. Alilipata miaka miwili iliyopita, limepinduka, paa limepasuka, panya wamelifanya mtaa wao. Paa ameshaziba. Magurudumu yamepatikana, moja baada ya jingine. Kilichobaki ni nyaya, na hiyo ndiyo kazi iliyokuwa mezani kwa Mama Nyuzi asubuhi yote.

Kuna kitu kingine kuhusu meza ile. Kwenye kila swichi ya tela hilo iliyokuwa mezani, Mama Nyuzi amefunga fundo la uzi: la pamba kwa taa, la katani kwa pampu ya maji, la hariri kwa feni. Mwandishi alidhani ni urembo. Mama Nyuzi alimsahihisha kwa sauti ya kawaida kabisa, kama anayetaja bei.

"Nina presha ya macho. Pembeni kumeshakuwa giza, pamebaki katikati. Daktari anasema mwaka mmoja, labda miwili. Swichi nitazijua kwa vidole."

Aliyemkopesha mumewe rangi kwa miaka thelathini anaishiwa nazo mwenyewe.

Mpango wao ni kuondoka kabla ya mvua zijazo. Hawana orodha ya mahali. Yule dereva mstaafu ameahidi kuwapigia simu na kuwaambia barabara zipi zinafaa, baada ya mkewe kuzikagua.

"Kila tutakapofika pazuri nitasimamisha gari," anasema fundi. "Nitamshusha, nitamwekea kiti, nimwambie anisimulie. Lile shamba ni rangi gani? Ile milima? Mimi rangi zake sijawahi kuziona, na yeye anaziaga."

"Na macho yakishazima kabisa?" anauliza Mama Nyuzi, macho kwenye plasta yake.

"Yakizima tunazunguka tena barabara zilezile. Nitakusimulia mimi. Rangi nitakutajia zilezile ulizoniambia."

"Utazikosea zote," anasema mkewe, akipapasa meza kutafuta waya unaofuata. "Nitakuamini hivyo hivyo."